Ubatizo wa Mama Amsi na Ng'ombe wa Mzee Baha

Ndugu zangu wainjilisti mliobaki kazini,

Tangu nilipokabidhi ufunguo wa kanisa, kila anayepita hapa nyumbani ananiambia nipumzike. Nimepumzika. Nimegundua kwamba kupumzika ni kazi ambayo sikufundishwa, na jioni ikifika miguu yangu bado inataka kwenda kuwaona wagonjwa. Ndiyo maana nimeona niandike. Habari za vyeo nilivyopewa na za mshahara wangu sitaziandika. Za kwanza ni chache na za pili ni fupi. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na jinsi nilivyokuja kuyaelewa yale tunayoyaamini, maana mengi niliyafundisha kwanza nikayaelewa baadaye.

Nilianza kazi Daudi, huku juu milimani Mbulu, miaka kadhaa kabla ya vita vya pili vya wazungu. Nilitoka shule ya Biblia na suruali moja ya kaki, Biblia, kitabu cha nyimbo na makatambuga ya tairi. Mimi ni Mwiraqw, mzaliwa wa milima hiyo hiyo, nikadhani kwamba kwa kuwa nawajua watu kazi itakuwa nyepesi. Kumbe na wao walinijua. Siku ya kwanza niliposimama kufundisha, bibi mmoja aliniuliza mbele ya wote kama si mimi yule mtoto aliyetumbukia kwenye chungu cha pombe kwenye harusi ya shangazi yake. Nilikuwa mimi. Somo la siku hiyo lilikuwa kwamba mwanadamu amezaliwa katika dhambi, na nadhani lilieleweka.

Mwinjilisti mkuu pale alikuwa Mwalimu Yona, mtu wa Iramba aliyefiwa na mkewe, aliyekuja kwa miguu kutoka kwao kuhubiri kwa watu ambao lugha yao haifanani na yake hata kidogo. Alijifunza Kiiraqw ukubwani na alikizungumza kwa ujasiri kuliko usahihi. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori lililokufa njiani, na ubao wetu ulikuwa mbao zilizopakwa masizi, ambayo yalihamia kwenye mikono yetu kila tulipofuta. Kanisa lilikuwa la miti na udongo, upande mmoja wa kijito. Nyumba ya Mwalimu Yona ilikuwa upande wa pili, juu kidogo, na kati yake na kanisa palikuwa na njia za ng'ombe na mahali pa kunyweshea.

Mambo tuliyofundisha kabla ya ubatizo mnayajua, kwa sababu hayajabadilika. Kwamba Biblia ni Neno la Mungu na halikosei. Kwamba Mungu ni mmoja, naye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwamba sisi sote tumepotea na hatuwezi kujirudisha wenyewe. Kwamba Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, alikufa mahali petu, akafufuka kwa mwili. Kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa kumwamini yeye, wala si kwa matendo wala kwa maji. Kwamba atarudi, na wafu watafufuka, na kila mtu atasimama mbele yake. Na kanisa letu hubatiza aliyekiri kwa kinywa chake mwenyewe, kwa kumzamisha majini, kijitoni, mchana, watu wote wakiona.

Lakini namna ya Mwalimu Yona ya kufundisha sijaiona kwa mwingine. Alitoa jambo moja tu kwa juma. Mwanafunzi alipaswa kwenda kulieleza nyumbani kwa mtu asiyeamini, kisha arudi atuambie aliulizwa nini. Hakutaka jibu walilotoa wao, alitaka swali waliloulizwa. "Mtu akikurudishia swali," alisema, "ujue umemfikia. Akikuitikia tu, hajakusikia." Vijana mnaopenda kuitikiwa, lifikirini hilo.

Muulizaji mkubwa kuliko wote hakuwa mwanafunzi. Alikuwa Mzee Baha, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote walionywesha kijitoni pale, na sauti yake kati ya wazee ilikuwa nzito. Kanisani hakuingia. Lakini kila alasiri alikuja kukaa barazani kwa Yona na kibuyu chake cha pombe, ambacho Yona alikitazama kwa huzuni na Baha akakinywa kwa furaha. Walikuwa wa umri mmoja.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia siku ya kwanza nilipomkuta pale.

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa chungu? Keti. Huyu Mnyiramba ananiambia nimepotea. Mimi nimezaliwa hapa, yeye katoka Iramba, halafu aliyepotea ni mimi!"

Nilicheka, na Yona akacheka pia, kisha akamjibu kwa utaratibu, na mabishano yakaendelea mpaka ng'ombe waliporudi. Kila alasiri ikawa hivyo. Nilipata elimu zaidi pale barazani kuliko shuleni.

Katika darasa la mwaka wangu wa pili alikuwapo mama mmoja tuliyemwita Mama Amsi, kwa jina la binti yake mkubwa. Mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya wazungu huko Oldeani, na alirudi kwa nadra. Mama huyu alikuwa na njaa ya Neno. Alikuja darasani na mtoto mchanga mgongoni, akakaa karibu na ubao, na kila juma alileta maswali mengi, kwa sababu alieleza somo kwa mama mkwe wake ambaye hakukubali chochote. Alitaka kubatizwa mwaka ule. Mchungaji aliyeruhusiwa kubatiza alifika kwetu mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, njia ikikauka. Ukikosa mwaka huo, unangoja mwingine.

Wakati wa palizi, mtoto wake mchanga aliugua homa akafa.

Kwa ninyi mliotoka mbali lazima nieleze. Kwetu Wairaqw mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya huingia katika hali tunayoiita metimani. Hatukanwi wala hachukiwi. Lakini kifo kimemgusa, na watu huamini kwamba kinaweza kupita kwake kiende kwa wengine. Basi anatengwa ndani ya uzio wake wa miti ya manyara kwa muda mrefu, mpaka wazee waseme umekwisha. Haendi kwenye mikutano. Havuki njia za ng'ombe za watu. Hachoti maji wanapochota wengine. Anayekula naye au kushika moto wake, naye amegusika. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na miguu yangu ilijua wapi pa kupita hata kabla kichwa hakijafikiri.

Nilikwenda kumpa Mwalimu Yona habari.

"Nani amekwenda kwake?" akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Haendewi."

"Hata na Wakristo?"

"Wakristo nao wana ng'ombe."

Kisha akaniuliza, "Juma lililopita tulifundisha nini?"

"Kwamba Kristo alihesabiwa pamoja na wenye makosa, akateswa nje ya lango."

"Na sasa mwanafunzi wetu yuko nje ya lango. Nani atakwenda kumuuliza ameulizwa nini?"

Nikamwambia twende wote wawili. Akakataa. "Mmoja wetu lazima abaki akiweza kuvuka njia za ng'ombe, la sivyo darasa litakufa. Mimi sina ng'ombe, sina mke, na magoti yangu yamechoka kuvuka hicho kijito. Wewe baki."

Yaliyofuata alinisimulia Mama Amsi mwenyewe, ambaye kwake kulikuwa upande ule ule wa kijito kama kwa Yona. Alimwona Yona akiingia uzioni akapiga kelele kutoka mlangoni, "Mwalimu, simama hapo hapo! Hawajakuambia?"

"Wameniambia. Umepika nini?"

"Ugali na mlenda."

"Mlenda wa leo au wa jana?"

"Wa leo."

"Basi niletee maji ninawe."

Akala. Alikula polepole, anasema Mama Amsi, kama mtu aliyealikwa. Walipomaliza alimwomba amsimulie habari za mtoto, na yeye akalia kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumsimulia.

Habari zilifika kwa wazee kabla Yona hajafika kwake. Wakakutana, na Mzee Baha ndiye aliyetumwa kusema neno lao. Alisimama upande wetu wa kijito na kupaza sauti. Neno lenyewe lilikuwa kwamba Yona amegusika, basi asivuke kijito, asipite njia za ng'ombe, na atumie chemchemi ndogo ya chini pamoja na Mama Amsi, mpaka muda wa mama huyo utakapokwisha. Yona aliitikia kutoka ng'ambo kwamba amesikia na atatii.

"Hutabisha?" Baha akapaza sauti. Nadhani alikuwa amejiandaa kubishana.

"Sitabisha. Hii ni nchi yenu na hofu ni yenu. Nimeingia mwenyewe."

Baha alinigeukia mimi. "Ana kichwa kigumu kama ile ringi yenu," akasema, akaondoka akipiga nyasi kwa fimbo.

Basi nikabaki peke yangu na kanisa, darasa, wagonjwa na masizi. Wanafunzi wengine waliacha kuja, wakiogopa kwamba mimi nami nakwenda kule kisirisiri. Niliwaambia siendi, na ilikuwa kweli, nami nilisikia uchungu kila nilipolisema.

Lakini baada ya siku chache alasiri moja nilikuwa nafuta ubao nikasikia sauti ya Mzee Baha kijitoni.

"Yona!"

"Naam!"

"Juzi hukumaliza! Looa tunamjua. Ametuumba, tunamwomba mvua. Hapo hatugombani. Huyo Mwana mlimtoa wapi?"

"Hatukumtoa! Alikuja!"

"Alikuja kwa nani?"

"Kwa walio wake! Hawakumpokea!"

"Sasa kama walio wake walimkataa, mimi wa Daudi nimpokeeje?"

"Ndiyo maana nilitoka Iramba, Baha! Nimekuletea nafasi!"

Kwa kweli mzee yule alikuwa amemkosa mwenzake. Barazani kwa Yona hakuthubutu tena kwenda, na pombe haina ladha bila mtu wa kuitazama kwa huzuni. Tangu siku hiyo walibishana kwa kelele kila alasiri, mmoja huku, mwingine ng'ambo, na mlima mzima ukawa unasikia. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliegemea majembe. Wachungaji wa ng'ombe walikawia kijitoni. Siku ya somo la dhambi Baha aliuliza, "Mimi nimeiba nini?"

"Uliza mpaka wa shamba la mdogo wako!"

Kicheko kilitoka kwenye mashamba pande zote mbili. "Huo mpaka tulishaumaliza!" Baha akanguruma.

"Mbona basi umekasirika?"

Darasa langu lilianza kujaa tena. Nilipouliza swali juu ya Utatu, mama ambaye sikuwahi kumfundisha alinijibu vizuri. Nikamwuliza amejifunza wapi. "Kwenye mtama," akasema.

Alasiri moja Baha alikaa juu ya jiwe, nami nilikuwa karibu, nikinawa. Kisha akauliza, na safari hii hakupaza sauti sana.

"Yona. Huyo mtoto wa Mama Amsi. Ataamka?"

"Wafu wote watafufuka. Mtoto yule yuko mikononi mwa Mungu ambaye hajawahi kumdhulumu mtu."

"Na baba yangu?"

"Baba yako naye atafufuka."

"Halafu?"

"Halafu atasimama mbele ya Kristo. Kama mimi. Kama wewe."

"Hujanijibu."

"Nimekujibu mpaka pale ninapojua, Baha. Zaidi ya hapo namwachia anayejua. Lakini wewe uko hai. Habari zako wewe ndizo ninazoweza kuzizungumza."

Baha aliinuka akaenda zake bila kuaga. Nilidhani hatarudi. Kesho yake alirudi.

Mavuno yakakaribia, na habari zikaja kwamba mchungaji yuko njiani. Muda wa Mama Amsi haukuwa umekwisha, wala hautakwisha kabla ya ubatizo. Wazee wetu wa kanisa walikaa na kutafuta njia. Mmoja wao akapendekeza tuchimbe shimo ndani ya uzio wake, tulijaze maji ya ile chemchemi ndogo, abatizwe humo peke yake. Lilionekana wazo zuri. Nikaenda kusimama nje ya uzio, nikamweleza.

Mama Amsi alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "nimetengwa vya kutosha. Sitaki na Yesu naye anichimbie shimo langu peke yangu."

"Basi uje kijitoni. Mchungaji hatakukataza."

"Na mtoto wa mwenzangu akiugua wiki ijayo? Mama yake atamtazama nani? Atanitazama mimi, na nitakuwa nimempa hofu badala ya Habari Njema. Hapana. Nitangoja mwaka mwingine."

"Na ukifa kabla ya mwaka mwingine?"

Lilikuwa swali gumu, lakini kazi yetu ni ya maswali hayo. Yona, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo ndani ya uzio, hakunisaidia. Alimtazama tu mwanafunzi wake.

"Nikifa nitakuwa wa Yesu bila kulowa," akasema. "Si ndivyo mlivyonifundisha? Lakini natamani kulowa, Mwalimu. Natamani sana. Natamani wanione." Akageuza uso. Nami natamani mjue kwamba tangu hapo sijawahi kusema ubatizo ni alama tu. Ni alama, ndiyo. Lile neno "tu" nimeliacha palepale penye uzio wa manyara.

Mchungaji alifika. Nilikuwa nimekwisha kwenda Mbulu mjini kununua kitambaa cheupe cha wabatizwa. Mwenye duka, Mwislamu mstaarabu aliyetupimia daima kwa haki, alinikatia akauliza kwa upole kama tumefiwa na watu wengi kiasi hicho. Nilimwambia kwamba kwa namna fulani, ndiyo. Na nilichukua kipande cha Mama Amsi pia, ingawa sikujua nitakifanyia nini.

Asubuhi ya ubatizo tulikusanyika kijitoni, sisi upande wetu. Ng'ambo, mbali juu, Yona alikuwa amesimama penye uzio, na Mama Amsi nyuma yake. Tuliimba wimbo wa kwanza. Ndipo tukaona Mzee Baha akishuka na ng'ombe wake wote, dume na majike na ndama, akiwaswaga moja kwa moja kuja kwetu. Nilifikiri amekuja kutuvuruga. Nikaenda kumlaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yule mwanafunzi wa Yona yuko wapi?"

"Yuko kule kwake. Muda wake haujaisha."

"Si mchungaji wenu amekuja leo?"

"Amekuja. Lakini yeye amesema atangoja mwaka mwingine, ili asiwatie hofu."

"Kasema nani? Yona?"

"Hapana. Yeye mwenyewe."

Akasimama akichezea fimbo yake. Wazee wengine wawili walikuwa wamemfuata kwa nyuma.

"Mimi nimemsikiliza Mnyiramba yule akipiga kelele tangu palizi," akasema, na hakuwa anasema na mimi peke yangu. "Anasema yupo mmoja aliyechukua uchafu wa watu, ukaishia kwake. Mengine mengi sijayakubali. Na yale ya mpaka wa shamba amenionea. Lakini hilo moja nimeliona kwa macho, pale ng'ambo. Nimemwona mtu akila ugali."

Kisha akawaswaga ng'ombe wake kushuka, akawapanga kwenye maji hatua chache chini ya pale tulipoweka mawe ya wabatizwa.

"Mama yule aingie pale," akasema. "Maji yakitoka kwake yatafika kwa ng'ombe wangu kwanza. Kama yana madhara, yaanze kwangu. Na yakiishia kwangu, msinililie."

"Baha, umelewa?" mmoja wa wale wazee akasema.

"Leo bado." Akageuka ng'ambo, akaweka viganja mdomoni. "Yona! Mlete!"

Nimesikia mahubiri mengi, na mengine nimeyahubiri mwenyewe. Sijui kama nimewahi kusikia habari za msalaba zikielezwa vizuri zaidi, na aliyezieleza hakuwa anaamini.

Mama Amsi alishuka mlima polepole, kama mtu anayetazamia kuitwa arudi. Hakuna aliyemwita. Nilimpa kitambaa chake. Mchungaji alimwuliza maswali yote, moja baada ya jingine, naye akajibu kwa sauti iliyofika mbali, maana alikuwa amejifunza kwa watu wanaopiga kelele. Mwisho mchungaji akamwuliza, "Je, unaamini kwamba maji haya yanaondoa dhambi?"

"Hapana. Damu yake Yesu imeziondoa. Maji haya ni ya ng'ombe wa Mzee Baha."

Mchungaji akacheka hadi akamshika mkono ili asiteleze. Akamzamisha, akamwinua. Yona alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, suruali na yote, akilia waziwazi. Na chini yetu ng'ombe walikunywa. Walikunywa kama ng'ombe wanavyokunywa, bila haraka, wakiinua vichwa na kutazama, maji yakidondoka midomoni mwao, na Mzee Baha katikati yao ameshika pembe ya jike moja, macho hayabanduki kwenye maji yaliyokuwa yakimjia.

Mwaka huo ndama wake mmoja alikufa. Watu walimjia, wengine kwa pole na wengine kwa kusema si tulikuambia. "Ndama walikuwa wanakufa hata kabla ya Yona," akawajibu. Wazee wakaufuta muda uliobaki, maana baada ya siku ile haukuwa na maana tena, na Mwalimu Yona akavuka kijito akarudi kanisani, na Baha akarudi barazani kwa Yona.

Mimi nilihamishwa. Nilifanya kazi miaka mingi Hanang, nikikaa Gitting, nikiwafuata wafugaji tambarare na kujifunza kwamba mkutano wa watu wanaohama hauitishwi kwa kengele. Nilikwenda pia Yaeda Chini, ambako njia ni mbaya na watu ni wema, na kwa wale wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi nilitakiwa kwanza nijifunze kunyamaza. Hayo nitawaeleza kwa mdomo mkinitembelea. Mwalimu Yona alirudi Iramba uzeeni akafa huko. Sikuwepo kumzika. Mara nyingi nikiwa peke yangu njiani nilimwandalia maswali, nikasahau kwamba hakuna wa kunijibu.

Mzee Baha hakubatizwa. Nilimtembelea kila nilipopanda Mbulu, na kila mara alikuwa na swali jipya, na kila mara aliniambia bado anafikiri. Kabla sijastaafu alishikwa na kifua. Mama Amsi, ambaye sasa ni bibi, ndiye aliyekuwa akienda kumpikia uji, kwa sababu alisema ana deni lisilolipika na hataki kulilipa. Nilipopata habari nikaanza safari, lakini nilimkuta amekwisha kuzikwa.

Mama Amsi aliniambia hivi. Siku ya mwisho mzee alimwomba amwambie tena yale maswali aliyoulizwa na mchungaji siku ile kijitoni. Akamwambia yote, moja moja. Alipofika pale penye kumkiri Yesu kuwa Bwana na kumtumaini yeye peke yake, Mzee Baha aliinua mkono wake. Mama Amsi ana hakika. Mtoto wa mzee alikuwapo pia, akasema baba yake alikuwa anafukuza nzi.

Ndugu zangu, nimefundisha maisha yangu yote kwamba hakuna wokovu ila kwa kumwamini Kristo, na sitaibadilisha imani kwa ajili ya rafiki. Nisingeweza hata nikitaka, maana si yangu. Lakini sijawahi kuitamani siku ile ya ufufuo kama ninavyoitamani sasa. Nikikaa hapa mlangoni jioni, ng'ombe wa watu wakipita kwenda majini, nauona ule mkono unainuka. Namwomba Mungu, ambaye hajawahi kumdhulumu mtu, kwamba nyumba ile haikuwa na nzi.